Karavani ya Zuhura: gumzo la kikundi cha nyumbani

Zuhura: Assalaam alaykum nyote. Baba, Mama, shikamooni. Nimepata mkataba mwingine wa uuguzi, Tucson, Arizona. Wiki 13, wadi ya wagonjwa mahututi, zamu ya usiku. Naanza Novemba, na hapa Dallas natakiwa nitoke mwisho wa Oktoba. Nafikiria nisipange tena. Ninunue karavani nikae humo hadi mkataba uishe. Nipeni mawazo kabla sijatoa hela.

Mama: Marahaba mwanangu, hongera. Karavani ndiyo nini?

Zuhura: Nyumba ndogo ya magurudumu, yavutwa na gari. Ina kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu.
[Picha 4]

Mama: Na walala wapi nayo? Kando ya barabara?

Zuhura: La, Mama. Kuna viwanja vyake. Wakupa nafasi yako, bomba la maji, stima na tundu la maji machafu. Nimepata kimoja cha dola 650 kwa mwezi, stima kwa mita. Fleti ndogo kabisa niliyoiona huko ni 1,500, tena wataka mkataba wa mwaka. Karavani yenyewe ni 14,000, mkono wa pili.

Mjomba Bakari: Hongera mpwa wangu. Ukimaliza si waiuza? Hela yarudi.

Kaka Athumani: Mjomba, hizi vitu hushuka bei vibaya, hazirudi na kile ulichotoa. Zuhura, utaivuta na nini? Gari lako mwisho lavuta uzito wa pauni 3,500. Karavani ya ukubwa huo tupu tu yafika 5,000. Ukijaza maji galoni 40 ni pauni 330 na zaidi juu yake. Dallas hadi Tucson ni kama maili 950. Utaua giaboksi, au breki zikuue wewe.

Zuhura: Nilikuwa nikuombe wewe uivute kaka 🙏🏾

Kaka Athumani: Nitavuta, hilo si neno. Lakini mkataba ujao ukiwa Ohio, utanitafuta tena?

Baba: Picha ya tatu. Hiyo tairi. Nenda uipige karibu, ubavuni palipoandikwa DOT. Nataka tarakimu nne za mwisho.

Zuhura: Sawa Baba. Nitapita kwa muuzaji kesho nikitoka kazini.

Mwanahamisi: Da Zu, mimi nimekaa humo miezi mitano, Minnesota, nikingoja nyumba yetu iishe kujengwa. Nikueleze bila kuficha. Maji yaliganda kwenye mpira usiku wa kwanza wa baridi kali, tukanunua mpira wenye waya wa stima. Mtungi wa gesi ulikwisha saa tisa usiku, mume wangu akatoka na kanzu ya kulalia kwenye theluji kubadilisha. Kupika na kupumua kwetu kulijaza mvuke madirishani, na godoro likaota kuvu upande wa ukutani. Tulikuja kuliona mtoto alipoanza kukohoa.

Mwanahamisi: Na kile choo kina tangi lake. Usiache valvu wazi ukidhani yajitoa yenyewe: maji yataondoka na uchafu utabaki humo ugande. Ngoja lijae, fungua la choo kwanza, kisha la maji ya kuogea lisafishe mpira. Vaa glavu.

Zuhura: Tucson haina theluji kama yenu. Novemba hadi Februari ndio msimu wao mzuri, wazee wa majimbo ya baridi huhamia huko na karavani zao.

Mwanahamisi: Kweli, baridi si yetu. Ila wewe walala mchana. Ukuta wa karavani ni mwembamba, jirani akiwasha jenereta au mbwa akibweka ni kama yuko kitandani kwako.

Dada Rehema: Mimi niseme la hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Zuhura, ile posho ya malazi upewayo kazini huilipii ushuru kwa sababu una makao yako mahali, na Tucson umeenda kwa muda. Ukiachia Dallas usilipie popote, karavani ikawa ndiyo nyumba yako pekee, kwa IRS, watu wa ushuru wa Marekani, wewe ni mtu anayehama na nyumba yake. Posho yote yaingia kwenye mshahara na kukatwa. Umeipigia hesabu hiyo?

Zuhura: Hapana. Sikuijua.

Dada Rehema: Basi chukua chumba changu cha nyuma kiwe makao yako, lipa kodi ya kweli, ile ambayo ningemtoza mtu baki. Tuandikiane, ulipe kwa benki. Na muulize mtu wa ushuru anayeshughulika na wauguzi wa mikataba, usichukue neno langu peke yake.

*Siku ya pili*

Zuhura: [Picha 1] Baba, ni hii. 2116.

Baba: Wiki ya 21, mwaka 2016. Kashata zake bado nzima kwa sababu imekaa, haikutembea. Mpira huzeeka hata ukisimama. Mimi iliwahi kunipasukia tairi kama hiyo karibu na Maungu, nina shehena ya saruji ya Kampala, na ilipendeza macho kuliko hii. Sakafu je? Umekanyaga pembeni?

Zuhura: Nimekanyaga. Katikati ni ngumu. Kando ya choo mguu wadidimia, kama kukanyaga mkeka uliotandikwa juu ya godoro.

Baba: Maji yameingia, mbao zimeoza. Usiitolee hata senti.

Zuhura: Na nimepiga simu viwanjani. Kile cha 650 ni cha waliotimiza miaka 55. Cha pili hawapokei karavani iliyopita miaka kumi.

Mama: Zuhura. Nikuulize. Hizo hela wataka kuzibana za nini?

Zuhura: Za paa lenu Mama. Na ada ya Salim.

Salim: Dada, mkopo wa chuo wa HELB umeingia. Mkopo huo umelipa zaidi ya nusu ya ada ya muhula.

Mama: Paa likivuja sisi twasogeza kitanda. Wewe usipolala mchana, usiku wasimama na mashine zilizoshika roho za watu. Hatukukutuma ujinyime usingizi.

Zuhura: Mama si hela tu. Mikataba minne miaka miwili. Kila mara nafunga masanduku, naingia chumba chenye harufu ya mtu mwingine. Nilitaka niwe na kitanda kimoja, kikombe changu ndoano ile ile, popote nitakapopelekwa.

Baba: Hilo nalielewa. Mimi kebini ya lori nimeilalia miaka 22, Mombasa hadi Malaba na zaidi. Nilikuwa na mto wangu na birika langu, na nililala vizuri. Ila nililala nikijua mama yenu yuko nyumbani na mlango una ufunguo. Uwe na mahali kwanza. Kisha gari.

Mwanahamisi: Kwa nini usikodi ile ambayo tayari imeegeshwa kiwanjani? Wenyewe wengi hukodisha. Mwezi mmoja tu, uone mwili wako.

Zuhura: Nimeona moja, ya mwaka 2021, dola 1,100 na stima ndani. Na chumba kwa Rehema. Kuokoa kutapungua sana.

Dada Rehema: Lakini posho yabaki salama.

Zuhura: Basi nakodi mwezi wa kwanza. Hii ya 14,000 namwambia muuzaji leo siitaki.

Baba: Ukifika, kabla hujafungua begi, bonyeza kile kitufe cha kengele ya gesi na ya kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Isipolia, usilale humo.

Zuhura: Sawa Baba.

Mama: Ukitoka zamu saa moja asubuhi, huku ni saa kumi na moja jioni. Nitakuwa barazani. Piga, nikione hicho kitanda.