Saruji, bafu 14 na bwawa uani: huu si ukarabati, Mji Mkongwe unauliwa mchana kweupe

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na mkali, asiyetaka kusoma apite.

Ukikatiza vichochoro vya Shangani, Kiponda au Hurumzi, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, siku hizi, hukosi kukuta mlango umezibwa kwa mabati, mifuko ya saruji imepangwa barazani, na kibao kinasema "ukarabati wa nyumba ya kihistoria". Nyumba iliyojengwa ikae ukoo mmoja, choo kimoja au viwili, inageuzwa hoteli ndogo ya kifahari, hizo wanazoziita butiki, vyumba 14 na kila chumba na bafu lake. Kugeuza si kosa. Nyumba iliyofungwa hufa upesi kuliko inayokaliwa, na jengo la zamani la simu la Extelecoms pale Shangani lilifanywa hoteli tangu 1997. Kosa ni mnavyogeuza.

Wala msiniambie ni woga. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wa Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ulishuka chini ukaua mafundi wawili. Jengo la 1883, katikati ya ukarabati, kweupe, mbele ya Forodhani. Tukasikitika, tukapiga picha, tukarudi kuchanganya zege.

Tuanze na ukuta, maana hapo ndipo mkandarasi kutoka bara au Ulaya anapojikwaa. Ukuta wa Mji Mkongwe si tofali. Ni mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yamepangwa nyuso mbili, katikati mumejazwa vipande, udongo mwekundu na chokaa. Unene nusu mita, mara nyingi zaidi. Haukujengwa uzuie maji. Unayanywa wakati wa masika na kuyatoa jua likirudi. Ndiyo kazi ya chokaa, inapumua. Sasa wewe unakuja na plasta ya saruji, saruji moja kwa mchanga tatu, unene sentimita mbili na nusu, juu yake rangi ya mafuta ili "isiingie maji". Maji yanaingia tu. Yanatoka ardhini, yanatoka juu kwenye mfereji wa bati uliotoboka. Kilichobadilika ni kwamba hayana pa kutokea. Yanapanda ukuta, kutoka mita moja hadi mbili, yamebeba chumvi, na chumvi inaganda nyuma ya plasta. Ikiganda inatanuka. Jiwe la tumbawe lina vitundu kama sifongo, halihimili mchezo huo, linakuwa unga. Kwa nje hoteli inang'aa. Gonga kwa kifundo cha kidole usawa wa goti: ikilia kama ngoma, plasta imeachana na ukuta. Bandua kipande, utaona unga mweupe. Ramba ncha ya kidole, ni chumvi. Miaka mitatu tu hiyo, wala si thelathini.

Halafu fundi anaitwa, anabandua, anapiga saruji nyingine nzito zaidi. Basi.

Dawa inajulikana tangu enzi za masultani, ila haina haraka na ndiyo maana hamuitaki. Chokaa ya tanuri izimwe kwa maji, ikae shimoni ikiwa laini kama siagi, wiki kadhaa kwa uchache, miezi ni bora. Sehemu moja chokaa kwa tatu mchanga wa shamba uliooshwa, si wa pwani. Ukitaka ishike upesi sehemu zenye unyevu, tia unga wa tofali la kuchoma. Ukuta umwagiwe maji kwanza hadi ushibe, kisha mkono wa sentimita moja, uachwe, ulowanishwe asubuhi na jioni na kufunikwa magunia mabichi, ndipo mkono wa pili. Chokaa inakomaa kwa kuvuta hewa, kiasi cha milimita moja kwa mwezi. Mwenye ratiba ya kufungua kabla ya msimu wa watalii wa Julai, na ameanza plasta Mei mvua ikinyesha, ameshafeli kabla ya kununua ndoo. Juu yake pakwe chokaa, siyo rangi ya plastiki.

Sasa boriti. Hapa naomba mnisome polepole.

Chumba cha Mji Mkongwe ni chembamba kwa sababu ya mti. Boriti ya mkoko iliyonyooka inakupa nafasi ya mita 2.5 hadi 3 kati ya ukuta na ukuta, ndiyo maana vyumba vya Lamu, vya Unguja na vya miji ya Ghuba zilikopelekwa boriti za Rufiji na Lamu kwa majahazi vina upana wa ndugu. Unene wa boriti ya haki ni sentimita 11 hadi 14 hivi. Chini ya hapo ni mazio, na wapo wanaouziwa mazio wakaambiwa ni boriti. Juu yake vinalazwa vipande bapa vya matumbawe, kisha sakafu ya chokaa na kokoto inayotwangwa. Mfumo huu ni mzito, lakini ni mkavu. Mti wa mkoko ukikaa mkavu ndani ya ukuta wa chokaa unaishi zaidi ya karne. Ukilowana mfululizo, ncha zilizoingia ukutani zinaoza bila kelele, na mchwa anamalizia.

Na ninyi mnaleta nini juu yake? Bafu. Hesabu ya darasa la saba: bomba la choo la milimita 110 linataka mteremko wa moja kwa arobaini. Bafu likiwa mita 4 kutoka bomba kuu, mwisho wa bomba unashuka sentimita 10, ongeza bomba lenyewe 11, jumla 21. Boriti ina 14. Kwa hiyo fundi ana njia mbili, na zote ni balaa. Anakata boriti tatu au nne bomba lipite, anazifunika kwa jipsamu, mgeni analala chini yake. Au anapandisha sakafu ya bafu kwa zege la sentimita 25. Bafu la mita 2 kwa 1.8 hapo limepata zaidi ya tani 2 za zege, kabla ya vigae, kabla ya sinki, kabla ya ukuta wa kuligawa. Ukuta wenyewe wa tofali za inchi 6, urefu mita 2 na kimo 2.5, ni kama tani 1.5 nyingine. Umeegemea nini? Boriti za mwaka 1880 na kitu ambazo hakuna aliyezipima. Kisha mnaongeza beseni la kuogea la kujilaza, lita 200, kwa sababu linapendeza kwenye picha.

Kupima boriti hakuhitaji mashine ya Ulaya. Fungua dari pale boriti inapoingia ukutani, chukua bisibisi, sukuma. Nzima inakubali milimita mbili tatu. Iliyooza inameza chuma mpaka mpini. Fanya hivyo pande zote mbili, boriti moja baada ya nyingine, andika kwenye mchoro. Nyumba ya ghorofa tatu itakula siku nne au tano. Mwekezaji anayelipia picha za droni lakini hana siku tano za bisibisi, anajenga nini?

Na bafu zinawezekana, nisieleweke vibaya. Zipangwe zote wima kwenye mstari mmoja, ghorofa juu ya ghorofa, ikibidi mahali pale pale palipokuwa na choo cha zamani, maana wazee walikuwa wameshaelewa kwamba maji yakae kona moja. Choo kiwe kile kinachotoa uchafu kwa nyuma, upande wa ukuta, bomba lipite juu ya sakafu ndani ya boksi linalofunguka, ili likivuja lionekane leo na si baada ya dari kushuka. Ukuta wa kugawa uwe fremu nyepesi. Chini ya vigae iwekwe treya ya kuzuia maji iliyopanda ukutani walau sentimita 15, ijazwe maji na kuachwa saa 24 kabla ya kigae cha kwanza. Utapata vyumba 8 badala ya 14. Ndiyo hesabu yenyewe hiyo, na ndiyo inayokimbiwa.

Kuna wajanja wengine wanaotoa utumbo mzima. Wanabakiza uso wa nje na mlango wa nakshi, ndani wanasimamisha fremu ya nguzo na nondo. Wanatoa utumbo wanaacha kichwa, kama samaki wa kukaanga. Boriti zilikuwa zinabeba sakafu na pia zinafunga ukuta wa mbele na wa nyuma visiachane. Ukizitoa zote kwa wiki moja bila kuegemeza, ukuta wa ghorofa tatu umebaki kusimama kwa dua. Na nyumba zetu nyingi zimeshikana na za jirani. Ufa unaanzia hotelini, unamalizikia chumbani kwa bibi wa watu ambaye hana hata risiti ya kudai.

Mkanda wa zege na nondo wa kufunga kuta, mnaouchimbia kwa nyundo ya umeme pia tuuseme. Mtikisiko unamwaga ule ujazo wa katikati, ukuta unabaki ngozi mbili zisizoshikana. Mchanga ukiwa wa pwani, chumvi inakula nondo, kutu inavimba kuliko chuma, inapasua jiwe kutoka ndani.

Bwawa la uani. Mita 3 kwa 4, kina 1.2, ni maji tani 14 na nukta. Shimo lake, pamoja na zege la chini, linakaribia mita moja na nusu, hatua mbili kutoka msingi wa mawe uliokaa juu ya mchanga. Shangani ni rasi, jamani. Ukichimba unakuta maji, unaweka pampu, pampu inatoa maji na mchanga, na mchanga huo ulikuwa umelala chini ya msingi wa mtu.

Viyoyozi vina kero yao. Kimoja kwa hewa yetu kinaweza kutoa lita moja au zaidi kwa saa, na kimpira chake kimeachwa kikining'inia kinatonesha ukutani mchana kutwa. Tafuteni bomba la kushukia, ni shilingi ngapi? Baraza kuwekewa mito na kamba "kwa wageni tu", na wapangaji waliotolewa, hayo yanataka uzi wake.

Moto siusemi sana kwa sababu unanitia hofu. Ngazi moja ya mbao, imesimama kama ya jahazi, mgahawa wenye jiko la gesi juu ya paa, vitanda 28, na kichochoro ambacho gari la zimamoto halipiti.

NYONGEZA, kwa maswali yaliyoulizwa:

Aliyesema "chokaa ni ghali na mafundi hawapo". Mafundi wapo, wachache, na wengi ni watu wazima. Mpe mmoja vijana wanne kwa msimu mmoja, una mafundi watano. Jengo la Dispensari ya Zamani pale karibu na bandari lilikarabatiwa miaka ya 1990, tunajua kazi inawezekana.

Aliyeuliza abadilishe boriti iliyooza ncha tu: usiitoe yote kama katikati ni nzima. Egemeza kwanza kwa nguzo na ubao chini, kata sehemu iliyooza, unga kipande kigumu ubavuni kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, na unapokirudisha ukutani acha nafasi ya hewa pembeni ya ncha. Usizibe kwa saruji.

Na aliyeuliza kuhusu tangi la lita 5,000 juu ya paa: tani 5 likijaa, bila mnara wake. Weka tangi kubwa chini, pampu, na juu ligawe madogo ya lita 500 yaliyokaa juu ya kuta nene, kamwe si katikati ya chumba. Tayari umeshaweka? Mwaga nusu ya maji yake leo hii, kisha mwite mhandisi apande na bisibisi.