Tupeane uzoefu: watu wako wakikorofishana kazini, wewe kiongozi unaanzia wapi?

Mleta mada, Kibaigwa
Wakuu, nasimamia upakiaji wa mahindi. Msimu wa mavuno malori yanakesha, watu wamechoka, na neno dogo tu linatosha wakunjane mashati.

Mimi sisuluhishi ugomvi mbele ya kundi. Mtu ukimsema hadharani anaacha kueleza shida yake, anaanza kupigania heshima. Namvuta kila mmoja pembeni na kumuuliza: kabla ya leo kulikuwa na nini? Msimu uliopita karani na kiongozi wa wabeba mizigo nusura wapigane kwa sababu ya gunia moja. Kumbe vijana wanalipwa kwa gunia, na karani alikuwa anajumlisha lori likishajaa, kwa hiyo kila jioni waliondoka na dukuduku. Nikaruhusu wawe na mhesabu wao, wanalinganisha madaftari kabla turubai halijafungwa. Wale wawili siyo marafiki hata leo, ila kazi inaenda.

Muuguzi, wodi ya wazazi, Dodoma mjini
Hongera kaka. Kwetu anayefoka mara nyingi ana msiba moyoni. Asubuhi moja wauguzi wangu wawili walirushiana maneno wakati wa kukabidhiana zamu, eti dawa hazikuhesabiwa. Usiku ule tulikuwa tumempoteza mtoto mchanga, na aliyekuwa anafoka ndiye aliyempokea. Nilimwomba mwenzake amalizie kuhesabu, mimi nikaenda kukaa naye chumba cha chai. Habari za dawa sikuzigusa. Alilia, akasimulia, nikamsikiliza.

Ila kesho yake suala la dawa tulilirudia, tena wote watatu. Yule mwenzake naye alikuwa ametukanwa, alistahili kusikilizwa.

Mtumishi wa umma, Mtumba (Mji wa Serikali, Dodoma)
Kwetu shida ni Ijumaa. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma 2016, wengine familia bado ziko Dar, na treni ya SGR (reli ya kisasa) ilipoanza 2024 kila mtu anataka kuwahi ya jioni. Manung'uniko ya "fulani anapendelewa" yalipungua nilipobandika ukutani zamu za kutoka mapema.

Afisa rasilimali watu, kampuni ya ujenzi
Nawaunga mkono, lakini matusi mazito na kupigana visiishie chumba cha chai. Kwa sisi wa sekta binafsi, kanuni za 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 zinataka mtuhumiwa aelezwe tuhuma, apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ukimfukuza kwa hasira, ana siku 30 za kufungua mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na huko utaulizwa utaratibu ulioufuata.

Mleta mada
Asante dada. Hizo saa 48 unawaacha wote wawili sehemu moja?

Afisa rasilimali watu
Hapana. Mmoja namhamishia eneo lingine la mradi, mshahara uleule, na barua inasema wazi kuwa hiyo siyo adhabu. Nikiweza namhamisha mwenye cheo. Mdogo akiondolewa, wenzake wanaona ameshahukumiwa, na mashahidi wote wananyamaza.