Kikundi cha ukoo: neno la siri, kompyuta ya Babu na simu ya Jumapili

IJUMAA

Mama Mkubwa: Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Wengine habari za jioni. Narudia nililoandika jana kwa kuwa hakuna aliyejibu. Jumapili saa mbili usiku simu ya video, ukoo mzima. Mambo mawili tu: neno la siri la familia la kutambuana kwenye simu, na kompyuta ya Baba. Kila mtu athibitishe kwa maneno. Sitaki kidole gumba.

Mjomba Mkubwa: 👍

Mama Mkubwa: Nimesema sitaki kidole gumba.

Binamu: Shikamoo Mama Mkubwa. Mimi nipo.

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Huyo mmoja. Wengine naona mmesoma, tiki za bluu zote zimewaka.

Babu: Marahaba. Salamu kwenu wote. Kabla ya hayo, leo redio imerudia habari ya Australia. Tangu 10 Desemba 2025 mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, X, YouTube na mingineyo. Mimi naiunga mkono sheria ile, na sababu yangu ni kwamba haimwadhibu mtoto wala mzazi. Inaibana kampuni. Isipochukua hatua za maana, faini inaweza kufika dola za kule milioni 49.5. Miaka yote tumeimbiwa kwamba mzazi amwangalie mwanawe. Mzazi mmoja, amechoka, atashindana vipi na jengo zima la wahandisi ambao kazi yao ni kuhakikisha mtoto haiweki simu chini?

Mdogo Wangu: Babu jamani 😭 mimi nina miaka 14

Mdogo Wangu: WhatsApp imo?

Babu: Haimo mjukuu wangu. Programu za kutumiana ujumbe wameziacha nje. Utaendelea kunipata.

Mdogo Wangu: Afadhali

Binamu: Shikamoo Babu. Lakini umri watajuaje? Mtoto anaandika amezaliwa 1980, biashara imeisha.

Babu: Marahaba. Hapo ndipo nami nasita. Kuna wanaokisia umri kwa picha ya uso. Kitambulisho cha serikali sheria imekataza kiwe njia pekee, na hilo ni jema. Lakini kampuni ileile tunayosema haiaminiki na watoto, leo ndiyo ikabidhiwe uso wa mjukuu wangu? Sheria ni nzuri. Mlango wa kuitekelezea sijauridhia.

Mama Mkubwa: Baba, tumesikia, ahsante. Naomba turudi kwenye neno la siri. Kuna mtu wa karibu wiki hii amepigiwa simu, sauti ya mwanawe kabisa, analia, anataka pesa sasa hivi. Mwana alikuwa amelala chumba cha pili. Hili si jambo la kusubiri.

Binamu: Ni kweli. Watafiti wa Microsoft walionyesha mtambo unaoitwa VALL-E Januari 2023, ulihitaji sampuli ya sekunde tatu tu za sauti ya mtu ili uiige. Sekunde tatu! Na humu kikundini sauti zetu zimejaa tele.

Mdogo Wangu: Mjomba Mkubwa yuko salama, hajawahi kutuma sauti tangu kikundi kianze 😂

Mjomba Mkubwa: 👍

Binamu: 😂😂😂

Mdogo Wangu: Basi neno la siri liwe

Mdogo Wangu: Ujumbe huu umefutwa

Mama Mkubwa: USILIANDIKE HUMU! Neno la siri haliandikwi popote! Ndiyo maana nataka tuongee kwa simu!

Binamu: Nimeshalisoma. Lilikuwa zuri lakini.

Mdogo Wangu: Lilikuwa kidole gumba

Mama Mkubwa: Nyinyi watoto mnacheza na jambo zito. Baba, sema nao.

Babu: Nasema nao. Wajukuu, hili babu yenu amelifanyia kazi kabla wazazi wenu hawajaanza shule. Nilipokuwa kwenye teleksi, ile mitambo ya kutumiana maandishi kwa waya, mtambo ulikuwa na kitufe cha kuuliza "wewe ni nani". Ukishaunganishwa, kabla hujatuma hata herufi moja, unakibonyeza, na mtambo wa upande wa pili unajibu wenyewe kwa utambulisho wake. Opareta wa kule hata akiwa hayupo kitini, utambulisho unakuja. Ukimaliza kutuma, unabonyeza tena, upate hakika kwamba tangu mwanzo hadi mwisho ulikuwa na yuleyule. Karatasi isiyokuwa na utambulisho juu na chini, mkubwa wetu wa zamu hakuipokea. Simu hizi za leo zinaonyesha namba, na namba hughushiwa. Zinaleta sauti, na sauti hughushiwa. Kile kitufe hakipo. Kwa hiyo Mama Mkubwa anachotaka ni kitufe, na ana haki.

Binamu: Babu hii hukuwahi kutuambia

Babu: Hamkuwahi kuuliza habari za teleksi. Na msidhani video ni kinga. Mapema 2024 ilitoka habari ya Hong Kong, mfanyakazi wa kampuni moja kubwa aliitwa kwenye mkutano wa video. Akamwona mkuu wake wa fedha, akawaona wenzake. Wote walikuwa wameghushiwa, binadamu wa kweli mle ndani alikuwa yeye peke yake. Alilipa kama dola milioni 25 za Marekani. Mwanzoni alitia shaka ule ujumbe wa kumwita. Nyuso ndizo zilizomtoa shaka.

Mama Mkubwa: Mnaona? Na sisi tungekuwa na neno wakati ule, yasingetokea yaliyotokea.

Mama Mdogo: Wakati upi?

Binamu: 👀

Mama Mdogo: Dada umesema wakati ule. Malizia.

Mama Mkubwa: Sijamtaja mtu. Nimesema kwa jumla.

Mama Mdogo: Mimi huwa siandiki humu. Nasoma tu. Leo naandika. Aliyetoa zile tarakimu sita za SMS za kufungulia akaunti ya WhatsApp si mimi. Lakini aliyechekwa ni mimi, na kila tukikutana mpaka leo naitwa Benki, hadi watoto wananiita hivyo.

Mjomba Mdogo: Dada tusianze. Nilikuwa safarini, ujumbe wa kuomba zile tarakimu ulikuja kutoka akaunti ya mtu ninayemfahamu.

Mama Mdogo: Na wa kuniomba mimi ulikuja kutoka akaunti yako, kwa picha yako, kwa jina ambalo wewe peke yako unaniita. Ningejuaje? Nilituma nilichokuwa nacho. Wewe akaunti ulirudishiwa baada ya siku chache. Mimi nilirudishiwa nini?

Mdogo Wangu: [stika]

Binamu: Futa hiyo haraka

Mdogo Wangu: Ujumbe huu umefutwa

Mama Mkubwa: Jamani ajenda ni neno la siri.

Mama Mdogo: Ajenda umeileta wewe.

Babu: Nimewasoma wote. Sasa nisomeni.

Babu: Binti yangu alituma kwa sababu aliamini ndugu yake amekwama. Alifanya nililomfundisha. Aliyetoa tarakimu naye alidhani anamsaidia rafiki. Walioiba ni watu wengine kabisa, wanaoingia kazini asubuhi na kutoka jioni, na kazi yao ni hiyo. Nyinyi mmewasahau hao, mnachekana wenyewe kwa wenyewe. Neno la siri nalitaka, lakini nalitaka ili mtu wa nyumba hii akisema amekwama tumjue upesi na kumfikia upesi. Siku ikifika mtu analia kwenye simu na nyote mmekaa kimya mkidhani ni mashine, mtakuwa mmeibiwa kitu kikubwa kuliko pesa. Jina hilo la Benki lisitamkwe tena mbele yangu wala nyuma yangu. Na lile deni, mnalijua wawili nyinyi, lizungumzwe nje ya kikundi kabla ya Jumapili.

Mjomba Mdogo: Nimesikia Baba.

Binamu: Sawa Babu.

Mdogo Wangu: Samahani Mama Mdogo

Mama Mdogo: Ahsante Baba.

JUMAMOSI

Mama Mkubwa: Habari za asubuhi. Shikamoo Baba. Waliothibitisha mpaka sasa ni Binamu peke yake. Na wakati mnasubiri Jumapili, kila mmoja aingie Mipangilio ya WhatsApp, Akaunti, aweke uthibitishaji wa hatua mbili. Tarakimu sita za PIN unazozichagua mwenyewe. Mtu akikupora ile namba ya SMS, bado PIN itamzuia. Fanyeni leo.

Mdogo Wangu: Nimeweka

Mama Mkubwa: Safi. Usiiandike humu.

Mdogo Wangu: Siandiki 🙄

Mama Mkubwa: Sasa kompyuta ya Baba. Windows 10 ilikwisha kuhudumiwa 14 Oktoba 2025. Hakuna marekebisho ya usalama ya kawaida. Baba anaingilia benki kwa kompyuta hiyo. Mimi nasema itafutwe nyingine, tuchange.

Babu: Kompyuta yangu haina ugonjwa.

Mama Mkubwa: Baba, haina ugonjwa leo.

Babu: Binti yangu, kuna chombo cha anga kinaitwa Voyager 1. Kilirushwa 5 Septemba 1977, kimetoka nje ya himaya ya jua letu, na hakuna fundi atakayekifikia tena. Novemba 2023 kikaanza kutuma takataka zisizosomeka. Wahandisi wakagundua chipu moja ya kumbukumbu imekufa, na sehemu ya programu ilikuwa inakaa humo. Wakaikata programu ile vipande, wakavitafutia nafasi huku na kule kwenye kumbukumbu iliyobaki, wakatuma maagizo. Wakati ule agizo lilisafiri saa 22 na nusu kwenda, jibu saa hizohizo kurudi. Aprili 2024 kikaanza tena kutuma taarifa zinazosomeka. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama peke yangu ukumbini nikapiga makofi, muulizeni mama yenu. Watu wanatengeneza mtambo wa 1977 kwa mbali kiasi hicho, na nyinyi mnataka kutupa wangu ulio mezani, ninaoufikia kwa mkono?

Mdogo Wangu: 👏👏👏 Babu kashinda

Mama Mkubwa: Hajashinda. Voyager haiingii benki.

Binamu: 😂😂 Mama Mkubwa!

Binamu: Ila kwa kweli wote mna hoja. Mashine ya Babu ni nzima, shida ni kwamba kichakataji chake hakimo kwenye orodha inayokubaliwa na Windows 11. Njia zipo mbili bila kununua. Kuna ulinzi wa nyongeza wa Windows 10 mpaka 13 Oktoba 2026, Babu ajiandikishe tu. Au niiwekee Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, itakwenda miaka mingine mingi.

Babu: Linux naisikia siku nyingi. Nitaiona kwanza kabla ya kuikubali.

Mama Mkubwa: Na visasisho Baba unaviahirisha kila siku. Nimeona mwenyewe.

Babu: Naviahirisha kwa sababu nilikuwa macho 19 Julai 2024. Ndege zilisimama, hospitali ziliahirisha matibabu, kompyuta milioni 8.5 ziliganda skrini ya bluu. Chanzo ni sasisho.

Binamu: Babu, lile halikuwa sasisho la Windows yenyewe. Lilikuwa faili la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, inayotumiwa na makampuni na taasisi. Kompyuta za nyumbani hazikuguswa. Na hizo milioni 8.5 hazikufika hata asilimia moja ya kompyuta zote za Windows.

Babu: Hilo nalijua mjukuu wangu. Nasemea mwenendo. Faili moja wamelituma dunia nzima kwa mpigo! Sisi tulikuwa tunabadilisha kifaa kwenye mtambo mmoja, unafanya kazi usiku kucha tunausikiliza, kesho yake ndipo mwingine. Fundi wa zamu asiyefanya hivyo alirudishwa kusafisha riboni. Na ona asilimia hiyo ndogo ilichoweza kusimamisha. Tumetundika mambo mengi mno kwenye msumari mmoja, na anayeugonga huo msumari hatukumchagua sisi.

Binamu: Hapo nakubaliana nawe kabisa.

Mama Mkubwa: Kwa hiyo Baba utaacha kuahirisha?

Babu: Nitaahirisha siku moja moja. Wiki nzima, hapana.

Mama Mkubwa: Siku moja nakubali. Nani atakaa na Baba kuhifadhi mafaili yake kwanza kabla ya Linux? Picha zote za zamani ziko humo na hazipo pengine.

Mama Mkubwa: Nani?

Mama Mkubwa: Naona mnasoma.

Binamu: Mimi nina mitihani mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo naweza.

Mjomba Mdogo: Nikiwa karibu ningefanya. Kwanza Dada Mkubwa, saa mbili usiku ya kesho ni saa mbili yetu au ya simu? Simu yangu inasema mkutano ni saa nane mchana, na saa hizo niko kazini.

Mama Mkubwa: Saa mbili usiku. Yaani saa mbili ya kawaida.

Mjomba Mdogo: Ya kawaida ya huko au ya huku?

Mdogo Wangu: Ya Voyager 😂 unapiga leo unajibiwa kesho kutwa

Mama Mkubwa: Wewe kaa kimya. Mjomba Mdogo, omba ruhusa ya nusu saa kazini.

Mjomba Mdogo: Nitaangalia. Siahidi.

Babu: Kwa kuwa mkutano upo, naomba niongezewe dakika kumi. Nataka kusema juu ya Geoffrey Hinton. Alipata Nobel ya fizikia 2024 pamoja na John Hopfield kwa kazi iliyojenga msingi wa hii akili mnemba, na huyohuyo aliondoka Google 2023 apate kuzungumza wazi juu ya hatari zake. Wengi wanamwita mzee mwenye hofu. Mimi nasema mtu aliyeujenga ukuta akikwambia usiegemee hapa, unasogea kwanza, kisha unamuuliza kwa nini.

Mama Mkubwa: Dakika kumi Baba, si zaidi. Baada ya neno la siri.

Mama Mdogo: Nitakuwepo Jumapili.

Mama Mkubwa: Ahsante mdogo wangu.

Mama Mdogo: Aliyepaswa kunipigia hajapiga bado. Nasema tu.

Mjomba Mdogo: Nakupigia jioni.

Mama Mdogo: Nitakuuliza neno kwanza.

Mjomba Mdogo: Neno hatujachagua dada

Mama Mkubwa: Haya. Waliothibitisha: Baba, Binamu, Mama Mdogo, huyu mtoto. Mjomba Mdogo nusu. Kaka, wewe je? Kwa maneno tafadhali.

Mjomba Mkubwa: Mama yupo?

Mama Mkubwa: Mama yupo. Nakuuliza wewe.