Mimi na mke wangu tunataka kutengeneza visu: tufue springi, tusage tupa, au tununue mabapa kwa mhunzi?

Mpini_na_Ala (Tanga)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mke wangu anashona makubazi na mikanda ya ngozi. Huu ni mwaka wa sita wa ndoa yetu na kila mmoja ana kazi yake: mimi gereji mpaka giza, yeye barazani na ngozi zake. Mwezi uliopita nilimtengenezea kisu cha kukatia ngozi kwa kipande cha tupa kuukuu, naye akakishonea ala. Jirani alipokiona akataka kama hicho. Tangu siku hiyo kila usiku tunachora visu kwenye daftari la mahesabu.

Tunataka iwe kazi yetu wawili kweli. Tuna laki nne ya kuanzia, grenda moja, vaisi na cherehani ya ngozi. Njia tunazoziona ni tatu: kufua wenyewe springi za magari, kukata na kusaga tupa kuukuu bila kufua, au kununua mabapa ghafi kwa mhunzi kisha sisi tutie mpini, makali na ala. Waliopita huko watusaidie.

Nyundo_Mamba (Moshi)
Hongera mkuu. Nimekulia kwa wahunzi huku Mamba, kwa hiyo nitasemea upande wa moto.

Springi ni chuma kizuri cha kujifunzia. Nyingi zina kaboni karibu asilimia 0.6, na sifa yake ni kwamba haivunjiki ovyo. Hiyo ni ya panga, sime na kisu cha kuchinjia. Tupa nzuri ina kaboni asilimia 1 au zaidi. Inashika makali membamba na inakaa nayo muda mrefu, ila ikidondoka kwenye sakafu ya saruji ncha inaondoka. Kwa kisu cha ngozi ulichagua vizuri.

Sasa angalia. Springi iliyokaa miaka chini ya lori inaweza kuwa na nyufa usizoziona, nazo hujitokeza siku ya kutia maji, yaani kuzamisha chuma cha moto ili kiwe kigumu, ukiwa umeshamaliza kazi yote. Na tupa za bei rahisi nyingine ni ngumu juu tu, ndani laini. Kata kipande kidogo, kipashe moto mpaka sumaku isikishike, kizamishe kwenye maji, kisha saga juu yake na upitishe tupa nyingine. Ikiteleza kama kwenye kioo, chuma ni kizuri mpaka ndani. Ikikwaruza, achana nacho.

Tunasema "kutia maji", lakini bapa la springi litie kwenye mafuta. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa mpaka nyuzi 50 au 60 yanatosha. Sumaku huacha kushika chuma kwenye nyuzi 770 hivi. Ukifika hapo ongeza moto kidogo mpaka wekundu uanze kugeuka rangi ya chungwa, kisha zamisha, ncha itangulie. Oili chafu ya gari usitumie, moshi wake una sumu. Hapo bapa litakuwa gumu, lakini linaweza kukatika kama kigae, kwa hiyo lirudishe kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa mbili, lipoe, kisha saa mbili nyingine. Ukilisugua utaona rangi ya nyasi kavu.

Naipenda kazi ya kufua kuliko nyingine yoyote, na ndiyo maana nakwambia usianze nayo. Unahitaji fuawe, koleo, feni ya kupulizia, mkaa mwingi, na miezi mingi ya kuharibu vyuma kabla hujauza hata kimoja. Laki nne itaishia kwenye mkaa.

Mama_Makali (Morogoro)
Nazungumza na dada zaidi, maana kaka ameshapata mwalimu.

Mimi na mume wangu tuna miaka minne kwenye kazi hii. Tulianza na tupa. Mwanzoni tuligawana kama mnavyofikiria wengi: yeye chuma, mimi ngozi. Ikawa naletewa kisu kilichokwisha, naambiwa nishone. Mpini umenenepa pale ambapo ala inatakiwa ibane, basi kisu kinacheza ndani. Ala moja niliifumua mara tatu. Nililia siku ile, na mume wangu hakuelewa nalilia nini, kwa sababu kwake kisu kilikuwa kimeshakwisha.

Siku hizi hakiguswi chuma kabla ya kadibodi. Tunachora kisu kwenye kadibodi ya boksi, tunakata, nakishika mimi, anakishika yeye, nakunja karatasi nzito kukizunguka kuona ala itakaaje na mkanda utapita wapi. Mpini wa kisu cha jikoni unapimwa kwa kiganja changu, kwa sababu wateja wetu wengi ni wanawake na visu vya dukani vimechongwa kwa kipimo cha mkono wa mwanaume. Kunoa ni kwangu pia. Mkono wangu ni mwepesi kuliko wake, natumia kinoo, namalizia kwa kipande cha ngozi.

Kwa hiyo nawashauri njia ya tatu. Chukueni mabapa kumi kwa mhunzi, yawe na msuka mrefu unaoingia mpaka karibu na mwisho wa mpini. Muulizeni ameyatia maji au bado, maana kama yameshatiwa hamna ruhusa ya kuyasaga mpaka yapate moto. Bapa likibadilika rangi ya bluu wakati wa kusaga, ugumu umeondoka pale. Mtajifunza mpini, noleo (pete ya chuma shingoni mwa mpini), ribiti (misumari ya kubana mpini), makali na ala kwa wakati mmoja, wote wawili.

Mti: mninga kwanza. Hauchezi sana ukikauka na unachongeka. Mpingo ni mzuri mno, vipande vidogo vinapatikana kwa wachongaji kama wale wa Mwenge, Dar, ila unapasuka ukitoboa kwa haraka. Vumbi lake linawasha kifua na ngozi, vaeni barakoa wote, na msisagie ndani wanakolala watoto. Mkifikiria kuuza nje ya nchi, mpingo upo kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) tangu 2017, ulizeni maliasili mapema.

Mfipa_wa_Mlimani (Sumbawanga)
Nimesoma nikamkumbuka babu. Kwetu Ufipa wayeyushaji wa chuma kwenye malungu, yaani matanuru marefu ya udongo, walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe, na tanuru lenyewe walilichukulia kama bibi harusi. Leo mume na mke wanauliza washike wote nyundo. Mimi nafurahi, wafanye.

Baharini (Mombasa)
Ndugu zangu, hakuna aliyetaja kutu na nyinyi mko Tanga, pwani kama sisi. Springi na tupa zote zapata kutu. Kisu kikikata ndimu au embe kisha kikaachwa kwenye karai usiku, asubuhi kina madoa meusi. Mimi nilirudishiwa visu vitano na hoteli moja, na haikuwa makosa ya hoteli, sikuwaambia. Sasa kila kisu natoa na kijikaratasi: osha, futa papo hapo, paka mafuta ya kula. Na mwambie mtalii akiweke kwenye mzigo wa chini wa ndege, mkononi watamnyang'anya.

Miwati (Njombe)
Nyongeza kwa shemeji anayeshona. Ngozi ya viatu nyingi imetiwa dawa ya kromiamu, na chumvi zake zinaweza kula chuma kisu kikilala ndani. Tafuta iliyotengenezwa kwa magome, mfano ya miwati. Ikilowa unaikandamiza juu ya kisu kilichofungwa nailoni, ikikauka inabaki na umbo lake. Unene wa milimita tatu unatosha. Na katikati ya mshono weka ukanda mwembamba wa ngozi, upande wa makali, ili kisu kikiingia kikute ngozi badala ya uzi. Bila huo ukanda uzi utakatika mapema, hata ukiupaka nta namna gani.

Mke wa Mpini_na_Ala
Nimechukua simu ya mume wangu. Dada wa Morogoro, Mungu akubariki, hilo la kufumua mara tatu limenigusa. Hata hiki kisu changu cha kwanza ala yake ilinisumbua nikadhani sijui kushona. Nina swali moja. Oveni ninayo, naokea keki za watu. Tukilainisha mabapa humo, chakula hakitadhurika?

Nyundo_Mamba (Moshi)
Shemeji, ondoa mafuta yote kwenye bapa kwa sabuni kabla halijaingia, na usioke siku hiyo hiyo. Nunua pia kipimajoto cha kuweka ndani, maana namba za kwenye kitasa cha oveni hudanganya. Likipita nyuzi 250 makali yatakuwa laini.

Binti_Unguja (Muscat)
Huku Oman jambia, wao huliita khanjar, ufundi wake uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2022. Nenda soko la Nizwa uone: mnunuzi anageuza ala na mpini muda mrefu, anaangalia fedha na mshono wa mkanda, bapa analichomoa mwisho. Kazi hupita kwa mafundi zaidi ya mmoja. Kwa hiyo bei msiweke kama kisu ni kitu na ala ni zawadi juu yake. Ala ihesabiwe saa zake na pesa zake.

Mpini_na_Ala (Tanga)
Wakuu, tumekaa jana tukaamua. Tunaanza na mabapa sita kwa mhunzi wa huku, mpini wa mninga, ala ya ngozi ya magome tukiipata. Tupa naendelea nazo kwa visu vyake vya ngozi tu, kwa sababu hapo ndipo zinapofaa. Kufua, nitakwenda Jumamosi kwa huyo mhunzi kumshikia koleo, na mke wangu amesema naye anakuja.

Kwenye daftari tumefungua kurasa mbili, bapa na mpini upande mmoja, ala upande wa pili, kila moja na saa zake. Kadibodi ya kwanza ameshaikata yeye. Ni fupi kuliko nilivyochora mimi, na nilipoishika nikaona ana haki.