Sanderson kukusanya dola milioni 41 Kickstarter: kakosea wapi?

Wakuu, kuna hoja naiona kila mahali kwamba Brandon Sanderson, yule mwandishi wa fantasia wa Marekani, hakutakiwa kwenda Kickstarter, ile tovuti ya kuomba watu wachangie mradi mtandaoni, mwaka 2022 kwa sababu tayari alikuwa na hela, eti pale ni pa wasio na mtaji na yeye anawabania waandishi wadogo. Mimi nakataa kabisa. Jamaa aliandika riwaya nne kimyakimya kipindi cha korona, akaweka lengo la dola milioni 1 kwa siku 30, watu zaidi ya 185,000 wakamwaga milioni 41.7. Sasa huo sio mchango wa harusi jamani, ni biashara, unatoa dola 40 unapata vitabu vyote vinne vya kusoma kwenye simu, unatoa 160 unapata na vya jalada gumu. Na kwenye hiyo hela toa asilimia 5 ya Kickstarter, makato ya kadi, uchapaji, maboksi, mishahara ya watu wa Dragonsteel, kampuni yake na mkewe. Watu wanaongea kama vile alizitia zote mfukoni.

Halafu kinachoniuma mnaanza kuhesabu 2022. Huyu alikuwa anashika zamu ya usiku mapokezi hotelini kule Utah, usiku wageni hawaji, yuko kaunta anaandika tu mpaka asubuhi, akarundika miswada zaidi ya kumi bila kitabu hata kimoja dukani mpaka Elantris, riwaya yake ya kwanza, ilipotoka 2005.

— Kaka nakuelewa ila umeruka kitu. Alilelewa na Tor, wachapishaji wake, miaka 17, na mwandishi Robert Jordan alipofariki 2007 mjane wake ndo akamchagua Sanderson amalizie The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za fantasia wa Jordan, yaani alikabidhiwa wasomaji wa mtu mwingine wakiwa tayari wana kiu. Chipukizi akiiona hiyo milioni 41 akamkimbia mchapishaji atalia, mimi hofu yangu ni hiyo tu.

— Hapo dada sikupingi, jina lilijengwa na wengi, na Tor bado anafanya nao kazi mpaka leo. Ila angalia jina lenyewe kalitumiaje. Vile vitabu vinne kwa upande wa sauti aliwanyima Audible, duka la vitabu vya sauti la Amazon, wakati ndo soko kubwa kuliko yote, kwa sababu wakati huo mwandishi akiwauzia wao peke yao alikuwa anapata asilimia 40, akiuza na kwingine walikuwa wanampa 25. Chipukizi agome atasikilizwa na nani? Yeye aligoma, akakubali kupoteza mauzo, akasema wazi anawatetea waandishi wadogo, na 2024 Audible wakatangaza mpango mpya wenye malipo ya juu zaidi. Asingekuwa na hela zake mwenyewe angethubutu? Anayesema anawabania wadogo anijibu hilo kwanza.