Mjadala: Tovuti za kuchezea na picha la ngumi, viingie skuli au visiingie?

Mleta mada, Wete

Assalamu alaikum. Nasomesha jiografia, na wazazi wa skuli yetu wamegawika juu ya pendekezo langu: Jumamosi moja ya likizo tufungue chumba cha kompyuta kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Asubuhi wacheze kwenye tovuti nilizochagua, jioni tuwaoneshe RRR, picha la India la mwaka 2022. Wanaopinga wanasema kompyuta zililetwa kwa ajili ya masomo na skuli isigeuzwe banda la video. Mimi nasema viingie, tena kwa mkono wa mwalimu, kwa sababu mitaani vimeshaingia zamani bila ya mtu wa kuchagua.

Tovuti ya kwanza ni neal.fun, kazi ya kijana wa Marekani, Neal Agarwal. Ndani yake mna ukurasa wa bahari. Unateremka kwa kidole, unasoma mita ulizofika, unakutana na viumbe wanaoishi kina hicho. Ukifika mita 3,800, kina ilikolala Titanic, bado hujafika nusu ya safari, maana shimo la Challenger katika Pasifiki linakaribia mita 11,000. Mtoto wa Pemba ana sababu zaidi ya kushangaa. Mkondo ulio baina yetu na bara unafika kina cha karibu mita 800. Ule wa Unguja ni makumi tu ya mita. Nikiyaandika hayo ubaoni atayanakili na kuyasahau. Akiziteremka mwenyewe mita 800, mwanga ukimpotea njiani, ataelewa jinsi kisiwa chake kilivyozungukwa na maji ya kina, na Unguja haiko hivyo.

Ya pili ni earth.nullschool.net ya Cameron Beccario. Dunia unaizungusha, na upepo umechorwa unavyokwenda. Ukibofya mahali unapewa kasi na upande. Ukitaka, unabadilisha uone mikondo ya bahari. Miezi ya kusi unauona upepo ukipita kwetu, ukipanda pwani ya Somalia, kisha ukipinda kuelekea India, njia ile ile ya majahazi ya India yaliyokuwa yakirudi kwao. Watoto wa wavuvi wa Micheweni wanalijua kusi kwa ngozi zao. Hapa wataona linatoka wapi na linakwenda wapi. Kuna na Radio Garden: unazungusha dunia, unagusa mji, unasikia redio yake wakati huo huo.

Kuhusu RRR sifichi kitu: ni picha lililopitiliza, na ndivyo S. S. Rajamouli alivyolitaka. Steringi mmoja anaingia peke yake katikati ya umati wenye hasira. Mwengine anavamia kasri ya gavana wa Kiingereza kwa lori lililojaa wanyama wakali, nao wanaruka nje pamoja naye. Baadaye anambeba mwenzake mabegani na wote wawili wanapigana hivyo hivyo, bunduki mkononi. Linachukua saa tatu na zaidi. Lakini kiini chake ni mtoto wa kike wa kijijini aliyechukuliwa na mke wa gavana baada ya mama yake kutupiwa sarafu. Visiwa hivi vilikuwa chini ya himaya ya Waingereza kuanzia 1890 hadi 1963. Hadithi hiyo kwetu haihitaji mkalimani.

Mchangiaji, Chake Chake

Waalaikumu salaam, Mwalimu. Mimi ni mzazi na napinga, ingawa hoja ya bahari imenigusa. Neal.fun haina ukurasa huo mmoja tu. Mna wa kutumia fedha za Bill Gates, mna mchezo wa kutunga nywila, yaani neno la siri, mna wa kuchanganya maneno usiokwisha. Wewe utawaonesha mmoja, wao wataifungua yote. Tena nyumbani bando nanunua mimi. Mtoto akishaonjeshwa skuli, usiku ataniomba simu. Na katika picha hilo mna mtu anayefungwa na kuchapwa mijeledi hadharani, damu zikimtoka. Mwanangu ana miaka kumi na tano. Sioni kwa nini alione hilo skuli.

Mchangiaji, Mkoani

Hofu yangu mimi ni historia. Masteringi wawili wa picha hilo, Alluri Sitarama Raju na Komaram Bheem, walikuwa watu wa kweli. Raju aliuawa na Waingereza 1924. Bheem aliuawa 1940 akipambana na utawala wa Nizam wa Hyderabad, mtawala wa huko huko India. Picha linawafanya marafiki wa kufa na kuzikana na linabakisha adui mmoja tu. Asiyeambiwa hayo atatoka na historia nusu, na sisi Wazanzibari tunajua historia nusu inavyogombanisha watu.

Mleta mada, Wete

Ndugu wa Mkoani, hoja yako naichukua nzima. Mwalimu wa historia ataeleza hayo kabla picha halijaanza, na likimalizika wanafunzi watasema wenyewe wapi limezua.

Bibie wa Chake, mchezo wa nywila mimi nautaka waufungue. Unadai tarakimu za hiyo nywila zijumlike 25, kisha namba za Kirumi zilizomo zikizidishwa zifike 35, mbele kidogo unataka mwezi wa siku hiyo angani uko hatua gani. Mtoto anayezipiga hesabu hizo siku ya likizo, bila ya kushikiwa bakora, mimi simwiti mvivu. La bando ni kweli, na ni zito. Ndiyo maana naomba zaidi ya nilivyoomba mwanzo: chumba kifunguliwe Jumamosi moja kila mwezi, hamu yao waimalizie skuli.

Mchangiaji, Chake Chake

Kila mwezi nakataa. Mwakani hawa wana mtihani wa Kidato cha Nne, na Jumamosi ndiyo siku yao ya tuisheni. Picha nalikubali kwa masharti. Sehemu ya mijeledi irushwe. Wazazi tualikwe tukae nao. Na lisioneshwe jioni, kwa sababu picha la saa tatu likianza baada ya alasiri litamalizika magharibi imeshapita, na watoto wa kike wa mbali hawatakuwa na gari. Lianze saa mbili asubuhi, tovuti ziwe baada ya adhuhuri.