Wawili kwenye timu yangu wanapingana kila kikao, mnawasaidiaje bila kuegemea upande?

Mtuamzigo

Habari zenu wakuu. Naongoza timu ndogo, tunaandaa ripoti kwa ajili ya wateja, sasa nina watu wawili ambao kwa kweli wote ni wazuri kazini ila wakikaa kikao kimoja tu ni mvutano mwanzo mwisho. Mmoja anataka kila sehemu ikikamilika mteja apelekewe hapo hapo aione, mwenzake anasema hautoki hata ukurasa mmoja mpaka kazi yote imekaguliwa. Mwanzoni zilikuwa hoja tu, siku hizi mmoja akiongea mwingine anachezea simu, na kwenye grupu la WhatsApp ni vijembe, mara "kuna watu humu dedlaini haiwahusu", mara "wengine tunajali jina la ofisi". Waliobaki wamenyamaza, ukiwauliza maoni wanaangaliana. Bosi wangu kasema ni watu wazima, wamalizane wenyewe. Nikisema huyu ndo yuko sahihi, yule nampoteza. Nyie mnafanyaje?

Kalamu_nyeusi

Pole mkuu. Mi nakuomba usitafute jinsi ya kuwafanya waache kupingana, maana timu ambayo kila mtu anaitikia "sawa" makosa yanaonekana na mteja kwanza. Kuna mtafiti anaitwa Karen Jehn, mwaka 1995 alitenganisha ugomvi wa kazi na ugomvi wa mtu na mtu, akaonyesha kwamba kwenye kazi zisizo za kurudia rudia kupingana juu ya kazi yenyewe kunaweza kusaidia, ila ule wa mtu na mtu unabomoa. Wako walianza na wa kwanza wakahamia wa pili.

Ningekuwa mimi ningemwita kila mmoja peke yake nimuulize anaogopa nini. Sio anataka nini, hilo unalijua tayari. Huyu wa haraka pengine anaogopa mteja aje kukataa kazi nzima mwishoni, na huyu wa kukagua pengine alishawahi kuona namba mbovu ikitoka na lawama ikamwangukia yeye. Ukishajua hofu zao unakuta hazigombani kabisa. Mary Parker Follett, mwandishi wa mambo ya uongozi, alieleza hili mwaka 1925, kwamba siku moja alikuwa kwenye chumba kidogo cha maktaba pale Harvard, mwenzake anataka dirisha liwe wazi, yeye anataka lifungwe, wakaenda kufungua dirisha la chumba cha pili ambacho hakina mtu. Mwenzake alitaka hewa tu, na yeye hakutaka upepo umpige moja kwa moja. Hakuna aliyeshindwa pale.

Dada Mkaguzi

Kalamu hoja ya hofu nakuunga mkono, ila kwenye kuita mmoja mmoja napingana na wewe. Ukiwaita kwa zamu unageuka mbeba maneno, kila mmoja atatoka akiamini umemwelewa yeye zaidi, halafu kikao kijacho utasikia "hata kiongozi analijua hilo". Waite pamoja, na kazi iwe mezani. Chukua ripoti moja ya kweli, uwaulize ukurasa kwa ukurasa, hii mteja akiiona leo tunapoteza nini, tukiizuia tunapoteza nini? Utashangaa kwenye kurasa nyingi watakubaliana, ugomvi ubaki kwenye majedwali ya namba tu.

Kitu kingine ambacho mimi nakisimamia sana, kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake mpaka mwenzake aseme "ndio, hicho ndicho ninachosema". Kabla ya hapo haruhusiwi kujibu. Inachosha na mwanzoni wataona kama unawafanya watoto, lakini mtu akisikia hoja yake ikitamkwa vizuri na mpinzani wake anashuka.

Na hizo tafiti nazo ziende mpaka mwisho, mwaka 2003 watafiti De Dreu na Weingart walijumlisha tafiti nyingi wakakuta hata ugomvi wa kazi kwa ujumla unaendana na timu kufanya vibaya, na hali ni mbaya zaidi pale unapokuwa umechanganyika na ule wa mtu na mtu. Kwa hiyo vijembe vya kwenye grupu vikome leo, usisubiri kikao.

Kalamu_nyeusi

Nimekubali hilo la kubeba maneno dada. Basi awaite pamoja, ila kama mmoja ana cheo kumzidi mwenzake aanze na mdogo faragha, la sivyo mdogo hatafungua mdomo.

Mwanasafu

Naongeza dogo tu. Kama kwenye hizo meseji kuna matusi, vitisho au maneno ya kabila, dini au jinsia, hiyo haiitwi tena tofauti ya mawazo, peleka kwa watu wa utumishi kwa maandishi.

Mtuamzigo

Asanteni sana, hakuna matusi kwa kweli, ni vijembe tu na wote wawili cheo kimoja. Nimeipenda hiyo ya ukurasa kwa ukurasa. Sasa wakikwama kwenye hayo majedwali nani aamue?

Dada Mkaguzi

Wewe, na uwaambie hivyo kabla kikao hakijaanza, sio baada ya kukwama, maana wakijua mwisho uko wapi hawatashindana nani achoke kwanza. Ukiamua, andika mistari michache: tumeamua hivi, kwa sababu hii, hoja ya fulani iliyobaki ni hii, tutaangalia tena baada ya ripoti mbili. Hoja ya aliyekosa iandike kwa maneno yake mwenyewe na umsomee kabla hujatuma. Wale walionyamaza nao waandike maoni yao kwenye karatasi kabla yeyote hajaongea, hapo hawana wa kumwangalia usoni.

Mtuamzigo

Sawa dada, kikao ni Jumatatu, naanza na karatasi.